Mstari Hausubiri Litania

Mimi siombi. Nasema hili mapema tusije tukapotezeana muda. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nina rozari tatu nilizopewa na watu watatu wasiojuana, na zote zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, zimesokotana kama nyaya za chaja. Lakini ile ya mtu kufungua kinywa na kumwambia Mungu nisaidie hiki, niangalizie kile, niliachana nayo siku niliyomaliza kidato cha nne. Si kiburi. Ni heshima tu. Yeye ana shughuli zake, nami nina zangu, na hakuna anayemgongea mwenzake mlango.

Ukoo wangu hauna heshima hiyo. Ukoo wangu unamwomba Mungu kama watoto watukutu wanavyobonyeza kengele ya geti la watu na kukimbia. Mama akikosa kiberiti jikoni, "Mtakatifu Antoni." Maji yakikatika ana sabuni usoni, "Yesu, Maria na Yosefu." Mjomba akimwona askari wa barabarani kwa mbele, "Moyo Mtakatifu," na akishapita salama hata asante hasemi, anaongeza sauti ya redio. Aliyewaharibu ni Padre. Jumapili moja aliwaambia kwamba sala fupi itokayo moyoni ni kama mshale, inafika mbinguni wakati ile ndefu bado inatafuta viatu. Watu wakafurahi kama wanafunzi walioambiwa hakuna kazi ya nyumbani. Tangu siku hiyo mtaa mzima ni mishale tu. Nadhani huko juu malaika wanatembea wameinama.

Bingwa wa mishale hiyo ni Shangazi, dada yake baba, mwenye duka la vioo ninakofanya kazi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu. Katikati pana meza pana kuliko kitanda cha maharusi, imetandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike. Ukutani, upande mmoja, vioo vya madirisha vimesimama wima kwenye vigawanyo vya mbao. Upande wa pili ni vioo vya kujitazama, vikubwa kwa vidogo, vimeegemezwa vinatuangalia. Ukifanya kazi hapo unajizoea hata usijipende. Unajiona ukitafuna, unajiona ukijikuna, unajiona mgongo wako unavyofanana na wa baba yako.

Kazi yake si ya nguvu, ni ya adabu. Unakifuta kioo mpaka kitambaa kianze kulia. Unaichovya kalamu kwenye mafuta ya taa. Tunaiita kalamu, ila haiandiki, ni mpini mfupi wa shaba wenye kigurudumu mdomoni, kidogo kuliko punje ya mchele. Unaweka rula, unabana pumzi, unavuta mara moja tu, toka ukingo mpaka ukingo. Ukirudia mstari juu ya mstari umeua kioo na umeua kalamu. Na ukishavuta usikae. Mstari ukiwa mbichi, kioo kinajua pa kupasukia. Ukiuacha ukapoa, kinasahau, kama mtoto aliyetumwa dukani akakutana na wenzake njiani. Nawe ukikibonyeza kitapasukia kinapotaka chenyewe, na mara nyingi kinataka kwenye mkono wako.

Sasa hapo, katika upenyo ule mwembamba kati ya kuvuta na kuvunja, ndipo Shangazi anapopitishia sala yake. "Yesu wangu, shika hapa." Halafu kah, kioo kimegawanyika. Kila kioo, kila siku, kuanzia dirisha la choo mpaka kabati la vyombo vya harusi. Yesu wangu, shika hapa. Utadhani Yesu ni kibarua wetu, amechelewa kufika asubuhi na bado hajavaa glavu.

Nilimwambia siku moja kwamba anayeshika upande wa pili ni mimi, nina vidole kumi na jasho langu mwenyewe, lakini sifa zote anapewa mwingine. Hakukasirika. Shangazi hakasiriki na watu wembamba. Anasema ni kuwaonea.

"Wewe unashika kioo," aliniambia. "Na wewe je, unashikwa na nani, na ulivyo mwepesi hivyo?"

Basi nikacheka, nikamwacha. Kwa kweli kama ni lazima watu waombe, yake angalau ilikuwa inakwisha. Tatizo langu lilikuwa Askofu.

Askofu si askofu. Ni mfunga fremu wetu, baba wa watoto, mtu wa makamo mwenye vidole vinene vinavyonuka puti mchana na usiku. Yeye hakati vioo, anavipachika tu madirishani na kuvizibia kingo kwa puti hiyo. Jina la Askofu nilimpa mimi, na alilipokea kwa furaha kubwa mno, jambo lililonisikitisha, maana nilimpa kwa matusi. Juzijuzi jumuiya ya mtaa wao ilimchagua mwenyekiti, na tangu hapo hali ndizi bila kuifanyia utangulizi. Sala zake zina dibaji, zina sura, zina viambatisho. Zinaanzia kuumbwa kwa mbingu na nchi, na kabla hazijafika kwenye chai unayotaka kunywa, chai imeshakuwa maji ya kunawia. Ndiyo maana saa nne ikifika Shangazi alikuwa akinyakua zamu haraka, kikombe kikiwa bado hewani: "Asante Bwana, tunywe." Askofu anabaki amefumba macho, mdomo wazi, hotuba imemganda kooni. Hicho kilikuwa kitu pekee cha kidini nilichokipenda katika siku yangu.

Mkono wa Shangazi ulianza kutetemeka kabla ya mtu yeyote kusema. Mkono wa kulia. Si sana, kama mfuniko wa sufuria maji yanapokaribia kuchemka. Niliona anashika kikombe kwa mikono miwili na kusema chai ya moto, wakati chai ile ilikuwa vuguvugu. Niliona anafunga kifungo cha juu cha gauni lake kwa kuegemea ukuta. Mtoto wa kaka yake nitaanzaje kumwambia shangazi yangu kwamba anazeeka, wakati anayenilipia kila kinachoingia tumboni ni yeye? Halafu siku moja kipande chembamba kikamponyoka, kikamfungua kidole gumba mpaka pale mtu asipopaswa kujiona. Wakamshona. Na mwanaye akapata habari.

Mwanaye ni mmoja tu, binamu yangu, ila kwa umri namwita Kaka. Anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na kazi yake, kadiri ninavyoelewa, ni kuhudhuria. Alikuja Jumatatu. Kabla ya kukaa alifuta kigoda kwa leso, na baada ya kukaa akaifuta leso kwa vidole. Akamweleza mama yake kwamba inatosha sasa, kwamba amemwandalia chumba kwake, ahamie apumzike, acheze na wajukuu, duka tutaona la kulifanyia. Alizungumza kwa upole mwingi, ule upole wanaofundishwa kwenye semina, na katikati ya upole akawa anachungulia simu.

Chumba chenyewe nilikuwa nimekiona. Pazia jipya, ua la plastiki, kitanda ambacho godoro lake halijavuliwa nailoni. Shangazi naye alikuwa amekiona.

"Chumba kizuri," alimwambia. "Hata jeneza la mbao nzuri ni zuri."

Kaka akasema, mama jamani. Shangazi akasema hakumaanisha vibaya, ametaja tu mbao. Wakavutana vile mpaka Askofu, aliyekuwa akikanda puti kwenye kona, akaanza kukohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuombwa aombe, na Shangazi kwa hofu ya hilo akamaliza mazungumzo mwenyewe. Akamwonyesha Kaka kioo kirefu kilichokuwa mwisho wa ukuta, kikubwa kupita vyote tulivyowahi kuwa navyo, kimoja tu cha saizi ile. Kilikuwa kimeagizwa na msusi mmoja aliyekuwa akifungua saluni na hakutaka vioo viwili vilivyounganishwa; alisema kiungo kinampasua mteja usoni. Kilitakiwa kupunguzwa ubavuni, ukanda mwembamba, kwa urefu wote. Na kwenye vioo, ukanda mwembamba ndio mchawi. Kukata katikati hata mimi naweza.

"Ijumaa nakikata hiki," Shangazi alisema. "Njoo uone. Kikipasuka ovyo, kalamu nakupa mkononi mwako na nakufuata na sanduku langu. Kikikatika vizuri, usinitajie tena kile chumba mpaka siku utakayonibeba."

Kaka akakubali. Nadhani kwenye semina walimwambia wazee waachiwe waamue wenyewe ili wajisikie wameshirikishwa.

Sikumdharau Kaka kwa kutaka mama yake apumzike. Kidole kile nilikifunga mimi kabla ya kwenda hospitali, najua nilichokiona. Nilimdharau kwa sababu hakujua anachokiomba. Mtu anayeamka kila siku akiwaza kioo gani kinaingia wapi, ukimpa godoro la nailoni na ua la plastiki, hujampumzisha, umemfuta. Kwa kina Kaka, Shangazi angekuwa mtu wa kuambiwa miguu juu bibi tupige deki. Hilo nililifikiria siku zile zote mpaka Ijumaa, nikiwa na hasira tu, bila kumwambia mtu yeyote, wa chini wala wa juu.

Ijumaa asubuhi msusi alifika kabla ya kila mtu. Mwanamke mnene, mcheshi, kucha zimepakwa rangi mbili tofauti, si wa kanisa letu. Alisema hanunui kioo ambacho hajajiona ndani yake. Tukampa kigoda nyuma yangu, upande wa mlango, akakaa na mkoba wake mapajani kama aliyekuja kuangalia mechi. Akaniuliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba dukani kwetu kioo hakikatwi bila kuombewa. Nikamwambia ni kweli, ila asinichanganye na wale. Mimi nimesoma. Mimi huwa nashika tu.

"Huombi kabisa?" akauliza.

"Kabisa, mama. Nina mikono."

Akasema ehee, kama mtu anayepokea chenji asiyotaka kuihesabu.

Kaka alikuja na viatu vyeupe, kwenye duka la vioo, akasimama mbali na kila kitu. Askofu aliacha fremu zake, akanawa mikono, akavaa shati la kanisani. Nilipoliona shati lile nilipaswa kujua. Tukakibeba kioo, mimi na Askofu, tukakilaza juu ya zulia, uso juu. Kilijaza meza yote na kutuonyesha dari, utando wa buibui na videvu vyetu. Nikashika upande wangu wa mbali, viganja vyote viwili, kifua karibu na meza, nimetazama ukuta wa vioo vya kujitazama. Shangazi akakifuta. Akakifuta tena. Nilijua kilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Akachovya kalamu, akaweka rula, akavuta.

Ule mlio nimeusikia maelfu ya mara, kama kitambaa kipya kinachochanwa, lakini sijawahi kuusikia mrefu vile. Ulitoka kwangu, ukapita katikati, ukaelekea kwake, laini, mmoja. Karibu na mwisho ukakatika kidogo, kama mtu mwenye kigugumizi akikutana na herufi yake. Halafu ukaendelea, ukafika ukingoni.

Shangazi akainua kalamu. Hapo ndipo pa sala yake. Tukasubiri, hata Kaka nadhani alisubiri, amekulia chini ya meza ile. Lakini Shangazi hakusema kitu. Aliinama akaangalia pale mlio uliposita, akakodoa macho, mdomo umekauka, na kile kimya kikawa kirefu kuliko desturi.

Mtu mwenye akili angekiacha kimya kile. Askofu akakichukua kama mwaliko.

"Kwa jina la Baba," alisema, "na la Mwana."

Kila mtu akafanya ishara ya msalaba. Ndiyo shida ya watu hawa, mkono unakwenda wenyewe, hata Kaka na viatu vyake. Mimi mikono yangu ilikuwa kwenye kioo. Askofu akafumba macho, akavuta pumzi, na nikamwona kwenye vioo vya ukutani, Maaskofu sita au saba, wote wanavuta pumzi, nikajua tumekwisha.

Alianza na uumbaji. Akashukuru kwa mchanga ambao ndio uliozaa kioo. Akawashukuru waliokitengeneza na waliokisafirisha, akawaombea wapate mvua kwa wakati wake. Nikasema moyoni sawa, sasa amina. Akaingia kwenye litania.

Kama hujawahi kunaswa na litania, nikueleze mtego wake. Sala ya kawaida unaweza kumwacha mtu aombe peke yake. Litania inakutaka ujibu. Anamtaja mtakatifu, nyote mnaitikia "utuombee", anamtaja mwingine, mnaitikia, na huwezi kutoka katikati kwa sababu kila jina linakushika shati. Askofu akamwita Mtakatifu Yosefu, kwa kuwa alikuwa fundi. Utuombee. Mtakatifu Lusia, kwa kuwa ni wa macho, na kioo ni cha macho. Utuombee. Mtakatifu Kristofa, kwa kuwa kioo kitasafirishwa. Utuombee. Mtakatifu Antoni, na hapakuwa na kilichopotea ila akili yake. Kaka aliitikia kwa sauti ya kikaoni, kama anayeunga mkono hoja. Na Shangazi naye akaitikia. Shangazi amelelewa na masista. Ungemwambia nyumba inaungua, angemaliza kwanza "utuombee" ndipo atafute ndoo.

Mstari ukawa unapoa.

Nilikuwa nauona. Ukiwa mbichi unang'aa kama unywele wa mvi. Sasa ulikuwa unafifia kuanzia upande wangu, na vichembe vidogo vilianza kuruka peke yake, tik, tik, kama kioo kinachojisemea hiki kilikuwa kitu gani tena. Askofu alivisikia? Puti imemjaa mpaka masikioni. Miaka yote amefanya kazi futi chache kutoka kwenye meza ile, anajua kwamba mstari hausubiri, angekuambia yeye mwenyewe ukimwuliza. Lakini mtu akishachaguliwa mwenyekiti, akifumba macho haoni duka, anaona umati.

Mkono wa Shangazi ulikuwa umeshuka ubavuni na kalamu ndani yake. Akaubana kwenye paja. Paja likaanza kutetemeka pamoja nao. Aliinua macho akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, na sijui alitaka nini kwangu. Mimi ni mtu wa kushika tu. Nikayahamisha macho yangu, nikatazama ukuta, nikabaki naitafunatafuna midomo yangu iliyokauka, nimetulia kabisa, nikisubiri upuuzi ule wa watu wazima uishe.

"Na watakatifu wote ambao majina yao hatuyajui," alisema Askofu.

Utuombee, wakasema, ingawa ilipaswa kuwa mtuombee.

"Na sasa tuwakumbuke wagonjwa wa..."

"Amina," akasema Shangazi.

Hakusema kwa sauti. Alisema kama mtu anavyofunga droo. Wagonjwa wakabaki mlangoni. Askofu akafumbua macho, akawa anaangaza kama aliyeshushwa kituo kisicho chake, na kabla hajauliza, Shangazi alikuwa amekwisha kuinama chini ya ukingo. Kichwa cha kalamu kikagonga kwa chini, mara moja, mara nyingine. Ufa ukazaliwa mwisho wa mstari. Akaweka viganja vyake viwili juu ya ukanda, kile kidole chenye mshono kikiwa mbele, akabonyeza.

Kah.

Ufa ulikimbia kutoka kwake mpaka kwangu, nikausikia ukipita chini ya viganja vyangu, na ukanda mzima ukamwangukia mikononi kama utepe.

Kaka akasogea, akasahau viatu, akapitisha kidole karibu na ukingo, taratibu, kama mkaguzi. Mwishoni, pale mlio ulipokuwa umesita, kidole kikasimama. Palikuwa na kidonda, ukubwa wa nusu ya ukucha, kioo kimebanduka.

Kaka akasema, mama, hapa pamemeguka. Alisema kwa huzuni ya kweli, nakiri, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Mtu mbaya akikuonea unaweza kumtukana. Mtu mwema mwenye makosa hana hata pa kumshika. Shangazi hakujitetea. Aliuweka ukanda chini, akakiangalia kidonda kile, na nikaona anaisogeza kalamu kutoka kiganja cha kulia kwenda cha kushoto, kama mtu anayejiandaa kutoa kitu.

Msusi akainuka kigodani. Akaja mpaka mezani, akaupapasa ukingo kwa kucha yake ya rangi mbili, akainama akajitazama humo ndani, kulia, kushoto, akarekebisha nyusi.

"Ndani ya fremu hapa patafunikwa," akasema. "Kioo ni changu au ni cha huyu bwana? Mimi nimekipenda. Nifungieni."

Kaka alimtazama mama yake, akatazama viatu vyake, vumbi la kioo lilikuwa limevipanda. Halafu akasema, sawa mama, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa anavaa kaptura. Shangazi akairudisha kalamu mkono wa kulia. Mkono ulikuwa unatetemeka waziwazi sasa, hata haujifichi, na hakuna aliyesema neno.

Isipokuwa Askofu. Askofu alikuwa ameshapata kituo chake. Akajipangusa jasho, akatangaza kwamba tumeona wenyewe nguvu ya sala ya pamoja, kwamba kama si ile litania mambo yangekuwa mengine.

Hilo lilinishinda. Nikamwambia kama si ile litania kioo kisingemeguka hata chembe. Nikamwambia aliyekata kioo ni mkono wa mwanamke mwenye mshono, na kalamu, na mafuta ya taa, si Lusia wala Kristofa, na kwamba yeye alichofanya ni kutupozea mstari kama anavyotupozea chai. Nikanogewa. Nikamwambia kwamba kati ya watu wote waliosimama pale, hakuna hata mmoja aliyeomba kitu cha maana, walikuwa wanaitikia tu kama kwaya iliyosahau wimbo, na kwamba bahati yetu ni kuwa palikuwa na mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia aliyeshika kioo na kufunga mdomo.

"Hukufunga mdomo," alisema msusi.

Alikuwa bado anajitazama, hajageuka. Alikuwa ananiangalia mimi kwa kupitia humo, kwenye kioo chake.

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mimi nikiwa kazini nasimama nyuma ya watu, nawaangalia midomo yao mbele," alisema. "Mashine zinapiga kelele, mteja anasema maji ya moto, sisikii, lakini naona. Wenzio walifumba macho. Mimi si wa kanisa lenu, sikufumba. Ulinipa mgongo, ukaupa ukuta mzima uso wako."

Nikasema nilikuwa nalamba midomo. Imekauka. Vumbi.

"Ulisema, Mungu, mfunge mdomo huyu mtu."

Askofu akashtuka. Nikacheka, nikasema ah, hiyo si sala, hiyo ni lawama.

"Halafu ukasema, mwachie Shangazi mkono wake." Sasa aligeuka, akanitazama mimi mwenyewe, si yule wa kwenye kioo. "Mwachie mkono wake, nitaenda Misa. Ukarudia, ukarudia. Mwishoni ukasema tafadhali."

Nikageukia ukuta, ukuta ukanionyesha mimi, wima, wengi, kila mmoja mdomo wazi na macho yanayotaka kufutwa. Nikaokota kitambaa nikaanza kukifuta kioo cha watu kilichokuwa safi.

Shangazi alikuwa anaipangusa kalamu yake kwa pindo la gauni. Hakuinua kichwa.

"Misa ya kwanza," akauliza, "au ya pili?"